Kazi za Serikali kwa Wasio na Kazi: Habari za Marekani, Miaka ya 1933 hadi 1943



Katika mkutano mkuu wa mwaka uliopita palizuka hoja ambayo haikupata kumalizika kwa sababu giza liliingia. Katibu alikuwa amesoma barua ya kuiomba Serikali iwaajiri vijana wa hapa kwetu katika kutengeneza barabara na kuzibua mifereji. Mzee mmoja, ambaye nampa heshima zake zote, akasimama akasema kwamba kumlipa kijana afukue mtaro ambao hakuna aliyeuagiza ni sadaka iliyovikwa nguo za kazi, tena sadaka itokayo katika kodi ya mtu mwingine aliyejitafutia kazi yake mwenyewe. Vijana waliguna. Mimi nilinyamaza, maana sikuwa na jibu. Tangu siku ile nimesoma habari za nchi zilizojaribu jambo hili, nami naona yafaa niziandike humu, ili tutakapokutana tena tubishane tukiwa na habari mkononi.

Jambo lenyewe si geni duniani, wala halikuanza vizuri. Mwaka 1845 viazi vya Ireland viliingiwa na ugonjwa vikaoza, na viazi ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini. Serikali ya Uingereza, iliyoitawala nchi ile, iliona si vema kugawa chakula bure, ikaamuru wenye njaa wavunje mawe na kujenga barabara ndipo walipwe. Kufikia Machi 1847 watu zaidi ya 700,000 walikuwa katika kazi hizo. Ujira ulipimwa kwa ngwe, basi mtu aliyedhoofika kwa njaa alivunja mawe machache, akapata fedha kidogo, akazidi kudhoofika. Mara nyingi hata fedha hizo zilichelewa. Barabara nyingine zilianzia porini zikaishia porini. Mwisho Serikali yenyewe ilikiri, ikafunga kazi zile ikafungua majiko ya supu, lakini watu wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Ufaransa nayo, baada ya kumwondoa mfalme mnamo Februari 1848, iliwaahidi watu haki ya kupata kazi, ikafungua karakana za taifa katika mji wa Paris. Kufikia Juni watu zaidi ya 100,000 walikuwa wameandikishwa, na kazi ya kuwapa haikuwapo. Wengi walilipwa kwa kukaa. Serikali ilipotangaza kuzifunga, mji uliwaka moto. Yalipiganwa mapigano ya siku nne barabarani, na maelfu ya watu wakauawa.

Mzee wetu angalisoma habari hizo mbili tu, angalisema: Je, sikuwaambieni? Lakini iko habari ya tatu, na hiyo ndiyo ninayotaka kukaa nayo.

Mnamo Oktoba 1929 bei za hisa katika soko la New York zilianguka. Mabenki yakafungwa moja baada ya jingine, na akiba za watu zikapotea pamoja nayo. Viwanda vilipokosa wanunuzi viliwaachisha watu kazi, na watu wale walipokosa mishahara hawakuweza kununua, na kwa hiyo viwanda vingine navyo vikafungwa. Kufikia mwaka 1933 katika kila Wamarekani wanne wenye kutaka kazi mmoja hakuwa nayo. Jumla yao yapata milioni 13. Rais Herbert Hoover hakuwa mtu asiye na huruma, kama wengine wanavyopenda kumsingizia. Bwawa kubwa lenye jina lake lilianza kujengwa mwaka 1931, katika siku zake. Lakini aliamini kwamba kumlisha maskini ni kazi ya makanisa, ya miji na ya majirani. Tatizo ni kwamba makanisa na miji ilikuwa imekwisha kuishiwa.

Franklin Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933, na kabla mwezi haujaisha sheria ya kambi za vijana ilikuwa imetiwa sahihi. Kambi hizo ziliitwa kwa kifupi CCC. Zilichukua vijana wa kiume wasio na wake, wa miaka 18 hadi 25, kutoka katika jamaa maskini. Jeshi liliwapa mahema, chakula na nguo, na watu wa idara za misitu na mbuga waliwaonyesha kazi. Mshahara ulikuwa dola 30 kwa mwezi, na katika hizo dola 25 zilipelekwa moja kwa moja nyumbani kwa wazazi. Nawaomba wazee waliangalie sana jambo hilo. Kijana hakuachiwa aamue kama atamkumbuka mama yake au hatamkumbuka. Serikali ilimkumbuka kwa niaba yake. Kabla ya kambi kufungwa mwaka 1942 vijana yapata milioni 3 walikuwa wamepita humo. Walipanda miti inayohesabiwa kuwa bilioni 3, wakazuia mmomonyoko wa udongo, wakakata njia za kuzuia moto wa misitu. Baadhi yao walijifunza kusoma na kuandika humo kambini, jioni baada ya kazi.

Kazi kubwa zaidi zilisimamiwa na watu wawili waliotofautiana kama maji ya moto na maji ya baridi, nao ni Bwana Harold Ickes na Bwana Harry Hopkins.

Bwana Ickes alikabidhiwa idara iliyoitwa PWA, iliyoundwa Juni 1933 kwa dola bilioni 3.3. Alikuwa mtu mkali mwenye kushuku kila kontrakta. Alisoma mikataba mwenyewe, akairudisha, akaisoma tena. Matokeo yake ni kwamba wizi ulikuwa mdogo, na majengo yake mengi yanatumika mpaka leo: daraja la Triborough na njia ya chini ya mto ya Lincoln huko New York, bwawa la Grand Coulee katika mto Columbia, na maelfu ya shule na hospitali. Miradi yake ilifikia yapata 34,000. Fedha zake hazikumfikia mchimbaji peke yake, bali zilikwenda pia katika viwanda vya saruji na vya chuma, na katika reli zilizobeba saruji na chuma hicho. Lakini ilikwenda polepole, na mwenye njaa hawezi kungoja michoro ya mhandisi.

Bwana Hopkins alikuwa mtu wa namna nyingine. Alizaliwa Iowa mwaka 1890, na maisha yake ya ujana aliyatumia katika kuwahudumia maskini wa mji wa New York. Aliwajua kwa nyuso. Alijua jinsi mwanamume anavyoinama anapopanga mstari kupokea kikapu cha chakula, huku karani akimwuliza maswali juu ya samani za nyumba yake. Kwa hiyo alishikilia kwamba mtu apewe kazi alipwe ujira, ijapokuwa kumpa kikapu ni rahisi zaidi. Novemba 1933, majira ya baridi yakikaribia, Roosevelt alimruhusu kuanzisha kazi za muda zilizoitwa CWA. Katika muda wa miezi miwili na kitu alikuwa amekwisha kuwaandika watu zaidi ya milioni 4. Nusu yao hawakuulizwa habari ya umaskini wao hata kidogo. Ilitosha kwamba hawana kazi. Walitengeneza barabara, wakakarabati shule, wakasawazisha viwanja vya ndege. Fedha zilikwenda kwa kasi ya kutisha, na kufikia mwisho wa Machi 1934 Rais akaamuru kazi zile zifungwe.

Mwaka uliofuata, 1935, Bunge lilitoa dola bilioni 4.88, fungu ambalo halikupata kutolewa mfano wake katika nchi ile wakati wa amani, na hapo ikaundwa WPA chini ya Bwana Hopkins. Idara hiyo ilidumu hadi mwaka 1943, na watu milioni 8 na nusu walifanya kazi chini yake. Walitengeneza barabara za urefu wa maili yapata 650,000 na majengo ya umma yapata 125,000, pamoja na madaraja yanayozidi 75,000 na maelfu ya viwanja vya michezo.

Taratibu zake zafaa kujulikana, kwa kuwa ndizo zilizoitenga na yale ya Ireland na ya Paris. Kwanza, WPA haikuchagua kazi yenyewe. Mji au wilaya ndiyo iliyoleta maombi, yenye michoro, ikiahidi kutoa sehemu ya gharama, aghalabu vifaa na mashine. Serikali kuu ililipa mishahara. Kwa hiyo barabara ya kutoka porini kwenda porini ilikuwa vigumu kupatikana, maana mji haupendi kutoa saruji yake kwa barabara isiyo na faida. Pili, katika kila jamaa mtu mmoja tu aliandikwa, ili kazi zienee. Tatu, ujira ulikuwa wa mwezi, si wa ngwe, nao ulizidi posho ya maskini lakini haukufikia mshahara wa kampuni. Ulianzia dola 19 kwa mwezi kwa kibarua wa kusini ukafika dola 94 kwa fundi wa miji mikubwa ya kaskazini. Makusudi yalikuwa kwamba kampuni ikifungua milango, mtu asione hasara kuiacha WPA.

Tena hawakudhani kwamba kila mtu asiye na kazi ni mtu wa sururu. Wanawake walishona nguo za mahospitali, wakapika chakula cha watoto wa shule. Huko milimani Kentucky wanawake walipanda farasi na nyumbu wakabeba vitabu vya maktaba katika mikoba hadi kwenye vibanda visivyofikiwa na gari. Walimu walifundisha watu wazima, na waandishi walilipwa waandike. Baadhi yao, kati ya miaka 1936 na 1938, walitumwa kusini kuwasikiliza wazee weusi waliozaliwa utumwani, wakaandika maneno ya watu zaidi ya 2,000. Wengi wa wazee wale walikuwa wamepita miaka 80, wengine 90. Fedha hizo zisingalitolewa, sauti hizo zingalikwenda kaburini pamoja na wenyewe, nasi tusingalikuwa nazo leo. Nimeona wengine wakiliita jambo hilo upuuzi wa serikali. Mimi naliona ni moja la mambo bora yaliyofanywa kwa dola zile zote.

Hapo imenibidi nigeuke nieleze upande mwingine, kwa kuwa sisi tulio chama cha Waafrika hatuwezi kusoma habari ya Marekani bila kuuliza: na weusi je?

Sheria ya kambi za vijana ilikuwa na maneno ya kukataza ubaguzi wa rangi, yaliyotiwa humo na Bwana Oscar De Priest wa Chicago, Mwafrika wa pekee katika Bunge la nchi ile wakati huo. Maneno yalikuwa mazuri. Lakini watu wa majimbo ya kusini waliokuwa na kalamu ya kuandikisha hawakutaka kuwaandika weusi, mpaka Serikali kuu ilipowatisha. Na kuanzia mwaka 1935 kambi ziliamriwa zitengwe, weusi mbali na weupe mbali. Pamoja na hayo vijana weusi zaidi ya 200,000 walipata nafasi, na zile dola 25 zikafika kwa mama zao. Katika WPA viwango vya chini kabisa vya ujira vilikuwa kusini, walikokaa weusi wengi. Tena msimu wa kuchuma pamba ulipofika, wakubwa wa mahali pengi huko waliwaondoa vibarua katika kazi za Serikali ili wasiwe na budi kwenda mashambani kwa malipo ayapendayo mwenye shamba. Mzee anayekumbuka mashamba ya walowezi hatahitaji maelezo zaidi.

Bwana Ickes, kwa haki yake, alikuwa amepata kuongoza tawi la chama cha kutetea weusi katika mji wa Chicago, naye alitia katika mikataba ya majengo sharti kwamba sehemu fulani ya mishahara iwafikie mafundi na vibarua weusi. Aliyemshauri katika jambo hilo alikuwa kijana msomi Robert Weaver, ambaye mwaka 1966 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani. Naye Bibi Mary McLeod Bethune, binti wa watu waliokuwa watumwa, aliyefungua shule mwaka 1904 akiwa na dola moja na nusu, alisimamia mambo ya vijana weusi katika idara ya vijana iliyoanzishwa mwaka 1935. Hawa hawakungoja waitwe. Walikuwa na vyama nyuma yao, vyama vya makanisa na vya akina mama na vya ustawi, vilivyohesabu nafasi zilizotolewa na kuuliza zilizobaki zimekwenda wapi.

Sasa nirudi kwa mzee wetu, kwa kuwa hoja yake ilikuwapo huko pia. Magazeti yalichora picha za vibarua wa WPA wameegemea sepetu zao. Wabunge walitaja kazi za kipuuzi zilizofanywa, na baadhi zilikuwa za kipuuzi kweli. Mwaka 1938 ilionekana kwamba katika majimbo kadha wa kadha wakubwa wa kazi waliwashurutisha vibarua wao katika mambo ya kura, na kwa sababu hiyo Bunge lilipitisha sheria mwaka 1939 ya kuwakataza watumishi wa Serikali kuu kuingiza siasa katika kazi zao. Mwaka huo huo ilitolewa amri kwamba aliyefanya kazi miezi 18 mfululizo aondolewe, ampishe mwingine. Basi maovu yalikuwapo. Siwezi kuyaficha, wala sioni faida ya kuyaficha, maana tunayajua yetu.

Lakini je, fedha ziliwatoka walipa kodi zikapotea? Hapa iko habari ya mwaka 1937. Mambo yalikuwa yamepata nafuu, na Roosevelt, ambaye moyoni hakupenda deni, alipunguza matumizi, na kazi nyingi za WPA zikapunguzwa. Wakati ule ule kodi mpya zilikuwa zimeanza kutozwa na mikopo ya mabenki imebanwa. Katika muda wa mwaka mmoja hesabu ya wasio na kazi ilipanda kutoka asilimia 14 hivi hadi 19. Mwaka 1938 fedha zilifunguliwa tena, na Novemba ya mwaka huo WPA ilikuwa na watu milioni 3.3. Mwenye duka aliyekuwa akimcheka kibarua wa WPA aligundua mwaka 1937 kwamba kibarua yule ndiye aliyekuwa akinunua unga wake.

Hata hivyo kazi hizo hazikuuponya ugonjwa. Hata ilipokuwa na watu wengi kabisa, WPA iliwafikia yapata theluthi tu ya wasio na kazi. Ukosefu wa kazi ulikwisha wakati wa vita, Serikali ilipotumia fedha mara nyingi zaidi ya zile, katika mizinga na ndege, na hakuna aliyesimama Bungeni akauliza fedha zitatoka wapi.

Kwetu Kenya lilijaribiwa jambo linalofanana kwa sura tu. Februari 1964, miezi miwili baada ya Uhuru, Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walipatana. Serikali iongeze watumishi wake kwa asilimia 15, kampuni na mashamba kwa asilimia 10, na wafanyakazi wasidai nyongeza wala kugoma kwa mwaka mmoja. Walipoambiwa wajiandikishe, watu zaidi ya 200,000 walijitokeza, na waliopata kazi walikuwa sehemu ndogo yao. Mkataba wa namna hiyo ulirudiwa mwaka 1970. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba watu waliongezwa bila kazi kuongezwa. Mwaka ulipopita, aliyestaafu au kuondoka hakuwekewa mwingine mahali pake, na hesabu ikarudi ilikokuwa.

Iliyofanana na WPA kwa undani ni ile ya barabara za vijijini iliyoanza mwaka 1974. Wahandisi walikusudia kutengeneza barabara za changarawe kwa mikono, kwa jembe, sepetu na toroli, mahali ambapo zamani wangalileta tingatinga. Vibarua walitoka katika vijiji vya kandokando ya barabara yenyewe, na walipojitokeza wengi kupita nafasi zilizopo, walipigiwa kura hadharani. Barabara ilipokwisha, hawakuiacha kwa mvua. Mmoja wa walioijenga, mwenye nyumba yake karibu, alipewa mkataba wa kutunza kipande cha kilomita moja na kitu: kuzibua mifereji, kufyeka nyasi, kujaza mashimo, akalipwa mwezi kwa mwezi baada ya msimamizi kupita na kukagua.

Barua yetu bado iko kwa katibu. Kabla haijatiwa muhuri naomba mambo matatu yaongezwe humo. Yatajwe majina ya barabara tunazozitaka, na vijito vinavyohitaji makalvati, tukieleza chama chetu kitatoa nini, hata kama ni mawe na mchanga tu. Iombwe kura ipigwe hadharani mbele ya wazee, ili orodha ya majina isitoke mfukoni mwa mtu. Na iulizwe ni nani atakayelipwa kuzibua mifereji hiyo mwaka wa pili. Mzee wetu amekubali kuisoma tena barua hiyo ikiwa na maneno hayo, naye amesema kijito cha kwanza kuandikwa kiwe kile kinachokata njia ya kwenda zahanati kila masika.